Kilo Onze za Mugisho

Bukavu, alasiri, mvua inanyesha na wewe haupo

Nsimire mwanangu,

Umeenda Mumosho kumuaga koko, bibi yako, na Mugisho umeniachia. Yuko mgongoni mwangu, nimemfunga na kitenge, amelala, na ndiyo sababu maandishi haya yanapinda: kila akipumua ananisukuma kidogo. Nimekaa ku meza ya cherehani. Mbele yangu, juu ya kanape ya wageni, kimekaa kile kiti chake cha gari, kinaniangalia. Tangu juzi mimi na hicho kiti hatusemezani.

Naandika Kiswahili cha shule, kile masista walitufundisha, kwa sababu naona haya kukuandikia barua na Kiswahili cha soko. Pale kitakaponishinda utanivumilia. Unajua mama yako alikomea wapi na masomo.

Sitakuandikia habari za kupika, wala za baridi, wala namna ya kuishi na bwana. Hayo nimekuambia tangu ndoa yenu, na mengine nimeyarudia mpaka unayasema pamoja nami, ukiniigiza sauti. Nataka kukuambia habari za kiti. Jana ulidhani nimenyamaza kwa hasira. Ni kweli, ilikuwa hasira. Lakini leo asubuhi hasira imeisha na kumebaki kitu kingine, kikubwa kuliko mimi, na nisipokuandikia leo, kesho utapanda gari bila kukijua. Ngoja nianze mwanzo kabisa, hata yale unayoyajua, kwa sababu siku moja Mugisho atasoma hii barua na yeye hatakuwa anakumbuka chochote.

Murhula, bwana yako, aliondoka kwenda Montréal, kule Canada, wakati tumbo lako halijaonekana. Mtoto wake amemwona ku simu tu. Kila Jumapili baada ya misa anapiga, na kila Jumapili anaanza na swali lile lile, kama mtoto anakula. Siku ile simu niliipokea mimi, wewe ulikuwa unaoga. Akaniuliza mtoto ana kilo ngapi.

Sasa wewe umezaliwa hapa, unajua. Huku kwetu mtu akikuuliza kilo za mtoto, namba siyo anayoitafuta. Hata kupeleka mtoto kituo cha afya tunasema kumpeleka ku kilo. Wanamning'iniza ku mzani na ile suruali ya kamba, analia, na akina mama wote mu mstari wanainua vichwa kuona mshale umefika wapi. Ambaye mtoto wake ni mzito anatembea tofauti mpaka nyumbani. Kilo ni sifa. Ni namna ya kusema kwamba nyumba ina chakula, mama ana maziwa, Mungu hajatusahau. Na huyu mkwe wangu, peke yake kule mu baridi, mtoto wake hajawahi kumshika, ananiuliza kilo. Ningemjibu nini? Nilimjibu: "Onze. Mutoto iko na kilo onze, anatushinda kubeba."

Onze, kumi na moja. Wala sikuona kwamba nimedanganya. Niliweka matabishi, basi, kama muuza unga wa soko la Kadutu anavyojaza kipimo halafu anamwaga kiganja kimoja juu ili mteja aende na furaha. Na Murhula alikwenda na furaha. Nilimsikia anacheka kule, na mimi nikacheka, na nikaenda kupika.

Kumbe yule kijana aliiandika ile namba.

Kiti kilikuja mu mikono ya mtu wa parokia yetu anayeishi kule, aliyekuja kumzika baba yake. Unakumbuka tulivyokifungua, na majirani wote ku mlango. Kizito, chenye alama ya lile jani la Canada ubavuni, mikanda inayotoka mabegani na kiunoni na katikati ya miguu inakutana tumboni, na juu yake kifungio kingine cha kifuani. Murhula alikuwa amekipanga kabisa kwa mtoto wa kilo onze: kiangalie mbele, kama mtu mzima. Akatupigia video. Tonton Déo, kaka yake Murhula, ambaye gari ni lake, alishika simu kwa mkono mmoja na mkanda kwa mkono mwingine, akaweka goti ndani ya kiti ili kizame vizuri, akavuta mpaka jasho. Kikafungwa nyuma ya kiti cha mbele cha abiria. Mimi nikaingia kukaa pale mbele, nikageuza kichwa, na nikaona kwamba Mugisho atakuwa ananiangalia usoni kutoka Bukavu mpaka Kigali, ku ndege yenu.

Hapo ndipo nilipofanya mipango yangu, ambayo sikukuambia. Gari la Déo ni dogo. Nyuma yake yeye zinakaa valizi, mizigo yenu ya safari, katikati wewe, pembeni mtoto. Mbele Déo na mimi. Tukishavuka mto Ruzizi kuingia Rwanda, tukishapita Kamembe, kabla ya kuingia msitu wa Nyungwe, ningesema mtoto analia, na kama halii ningesema yuko karibu kulia, na ningemtoa mu kiti nimpakate. Msitu wote ule, kona zote zile, angekuwa magotini mwangu. Halafu mumchukue, mwende naye huko, mimi ningekuwa nimeshiba. Nilikuwa nimeshachagua hata kitenge cha kuvaa.

Halafu juma hili ukampeleka ku kilo kwa chanjo ya mwisho, hapa Ibanda. Ulirudi ukaweka kadi mezani, karibu na mkasi wangu, na hukuniangalia.

"Maman, onze ilitoka wapi?"

Nikauliza onze gani.

"Mutoto iko na neuf et demi."

Tisa na nusu. Nilikuambia mzani wa pale umechoka. Nilikuambia alikuwa hajanyonya. Nilikuambia alikuwa ameumwa tumbo, ambayo ilikuwa kweli kidogo. Wewe hukubishana. Ulifungua kile kitabu cha kiti ukanisomea kwa Kifaransa, kidole ku mstari: kule Canada mtoto ambaye hajafika kilo kumi haruhusiwi kukaa akiangalia mbele. Kiti kigeuzwe, aangalie nyuma. Na ukaongeza kwamba hata angekuwa na onze za kweli ungemwacha hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo anavyolindwa zaidi, mpaka kiti chenyewe kiseme amekizidi. Kisha ukamwita Déo.

Mkakigeuza. Na kiti cha namna ile kikigeuzwa, mwanangu, kinataka nafasi kama mtu anayetaka kulala. Kiti cha mbele kikasukumwa, kikasukumwa, mpaka kikakaribia kugusa redio. Nilijaribu kuingia. Magoti yakagoma, mlango ukagoma. Tukafikiri kukihamishia nyuma ya Déo, lakini na miguu yake mirefu ile angeendeshea wapi. Tukapandisha valizi mbele ili mimi nikae nyuma. Déo akasema haoni kioo cha kando, na kona za Nyungwe yeye hazikisii. Juu ya gari hakuna pa kufungia. Basi tukasimama pale, wote watatu, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameona. Kiti kikiangalia mbele, mimi naenda. Kikiangalia nyuma, mimi nabaki.

Usidhani nilikubali vile. Nilikwenda kwa Maman Solange, jirani yetu wa parcelle ya chini, kile kiwanja cha chini ya ngazi, kwa sababu kijana wake aliporudi kutoka Belgique, Ulaya, alirudi na kiti cha mtoto, na mpaka leo wajukuu wanakichezea. Tukakipindua, tukasoma ile karatasi ya rangi ya chungwa. Inasema kuanzia kilo tisa mpaka kumi na nane, mtoto anaangalia mbele. Tisa! Nilipanda ile ngazi ya tope mbio, na umri huu, Maman Solange nyuma yangu, nikakuambia kwamba Belgique wanasema tisa na Mugisho ana tisa na nusu. Kwa hesabu ya Belgique mimi napanda gari. Kwa hesabu ya Canada mimi nabaki nyumbani. Mtoto ni yule yule, shingo ile ile, barabara ile ile. Nikakuambia Rwanda siyo Canada, kwa hiyo hapa njiani tufuate Belgique, mkishaingia mu ndege mtafuata yenu.

Ukacheka. Na mimi nikacheka, kwa nguvu, ili nisilie mbele ya Maman Solange. Ukatueleza pole pole kwamba kile kiti cha Belgique ni cha zamani. Kwamba huko huko Ulaya siku hizi viti vipya vimeacha kilo, vinapima urefu wa mtoto, na mtoto ambaye hajatimiza miezi kumi na tano hawamruhusu kuangalia mbele, na Mugisho hajatimiza hata mwaka. Kwamba cha Belgique, hata kikiwa kipya kabisa, ukikifikisha Canada hawakikubali, kwa sababu hakina jani. Maman Solange akauliza mbona chetu kina kifungio cha kifuani na chake hakina, ni nani kati yao alikisahau. Ukamwambia hakuna aliyesahau: wale wanafunga hivi, wale wanafunga vile, na kila upande umepima. Kisha ukanigeukia mimi.

"Maman, mutoto atakaa mu kiti yake, na ataangalia nyuma."

Ndipo nikanyamaza.

Leo asubuhi ulipotoka nilikiendea kile kiti, kilichorudishwa ndani mpaka kesho, kama mtu anayekwenda kugombana. Nikakilaza kifudifudi juu ya meza. Mimi nguo naisoma kwa ndani, unajua. Uso wa nguo unaweza kudanganya. Nikainua kitambaa, nikatafuta mahali mkanda umeshonwa. Nsimire, nimeshona sare za shule, nimeshona nguo za harusi, nimeshona hata mavazi ya mapadri. Mshono kama ule sijauona. Uzi umekwenda, umerudi, umekatiza, umerudi tena pale pale, mnene, sawasawa, na hakuna jicho litakalouona, kwa sababu kitambaa kinaufunika. Mimi nikifika mahali pasipoonekana nakata uzi naendelea na kazi, na wewe umeniona mara nyingi. Huyu aliyeshona kiti hakukata. Nilibaki nimeshika ule mkanda, nikitaka kumjua. Ni mwanamke? Ana watoto? Alipokuwa anarudisha ule uzi kwa mara nyingine, alikuwa anamfikiria nani?

Nikakumbuka habari ambayo Murhula alinisimulia ku simu na mimi nikaidharau. Alisema kabla ya kuuza hivi viti wanatengeneza wanasesere wenye uzito wa watoto wa kweli, mmoja wa mtoto mchanga, mwingine wa mkubwa kidogo, wanawafunga mu kiti, wanakirusha kwa nguvu na kukisimamisha ghafla, kama gari linalogonga. Halafu wanakwenda kuangalia shingo imekuwaje, kifua kimekuwaje. Halafu wanaanza tena. Siku ile nilimwambia wazungu wako na muda ya kupoteza. Leo nimekaa kuwafikiria. Kuna watu wanaamka, wanaoga, wanakunywa chai, wanawaaga watoto wao, wanakwenda kazini kugongesha wanasesere, kwa ajili ya shingo ya mtoto wa Bukavu ambaye hawatajua hata jina lake. Na wakishamaliza wanabishana, nchi na nchi. Hawa wanasema tisa, hawa kumi, hawa wanasema tuache kilo tushike urefu. Juzi niliposikia ule ubishi nilisema hawajui wanachofanya. Leo naona wanabishana kwa sababu kila mmoja anaogopa kukosea. Wanabishana kwa ajili ya nusu kilo ya mtoto. Mimi niliongeza kilo moja na nusu kwa kicheko kimoja ku simu, nikaenda kupika.

Na shingo, kwani sisi hatuijui? Mtoto mchanga tukimweka mgongoni tunapandisha kitenge mpaka kinafunika kichwa, na tunakibana pale nyuma, mpaka miezi ipite na shingo ikaze. Mama yangu alinionyesha kwa mikono, hakuniambia sababu, na mimi nilikuonyesha wewe hivyo hivyo. Ukisema kiti kiangalie nyuma ili gari likisimama ghafla kichwa, shingo na mgongo vipokelewe pamoja, ni jambo lile lile. Nimekaa hapa na Mugisho mgongoni, nakiangalia kiti, nikaona kwamba yule mtu wa kule na mama yangu walikuwa wanaogopa kitu kimoja. Hawakuonana, hawakusemezana, lugha ni tofauti. Nilishangaa mpaka nikamwambia Mugisho kwa sauti, na yeye alikuwa amelala.

Lakini mama yangu aliogopa kwa mwendo wa miguu, wale wanaogopa kwa mwendo wa gari. Hapo ndipo nilipokumbuka sombe.

Hadithi ya sombe unaijua, Mugisho haijui. Ulikuwa na umri kama wake. Nilikuwa nimepeleka sare za shule Bunyakiri, tunarudi na lori la mizigo, na dereva kwa sababu ya mtoto akanipa nafasi mbele, karibu naye. Nikakutoa mgongoni nikakupakata. Kando yangu alikaa mama mmoja na fungu kubwa la sombe miguuni, majani mabichi ya muhogo ya kupeleka soko. Tukatoka ku kona, mti umelala barabarani. Dereva akakanyaga frein. Ukaruka. Ukaangukia mu sombe, ukapasuka unyusi, na yule mama akakuinua mdomo umejaa majani. Marehemu papa yako aliposikia alishtuka kwanza, halafu akacheka juma zima. Ku kila sikukuu wananiomba niisimulie, na naisimulia vizuri, najua mahali pa kunyamaza na mahali pa kuinua sauti. Mpaka shuleni walikuita Mwana wa Sombe.

Kuna sehemu moja ambayo siku zote naipita haraka, kwa sababu haichekeshi. Leo niliisimamia. Ni mikono yangu. Wakati ule nilikuwa na nguvu, nilikuwa napandisha mizigo ya vitambaa kutoka bandarini kwa kichwa. Sikuwa nimesinzia. Sikuwa naongea. Nilikuwa nimekushika kwa mikono miwili, vidole vimefungana. Na mikono ikafunguka. Sikuifungua mimi, Nsimire. Hapakuwa na muda wa kuchagua. Ilikuwa imefungwa, halafu ilikuwa wazi, na wewe hukuwepo. Na lile lori halikuwa linakimbia.

Miaka yote nasema Mungu aliweka sombe pale, na nitasema hivyo mpaka nife. Lakini mu gari la Déo, mbele ya magoti yangu, hakuna sombe. Kuna kioo.

Ile mipango yangu ya Nyungwe, basi, nimeivunja. Ulisema niwafuate na bus mpaka Kigali. Asante, lakini hapana. Kigali siitaki. Ku uwanja wa ndege anayesindikiza anabaki mlangoni, na bus ikifika mtakuwa mmeshaingia. Mimi nilitaka ile njia. Nilitaka saa zile zote na uzito wake juu ya miguu yangu, na hicho hakiwezekani, na nimelia leo asubuhi nikamaliza.

Nikuambie na habari ya koti. Lile nililomshonea, lenye pamba mara mbili, ulinikataza nisimfungie nalo mu kiti, na niliona umenidharau kazi. Leo nimejaribu. Nilimkalisha mu kiti, hapa ku kanape, na koti lake, nikakaza mikanda mpaka mwisho, mpaka nikifinya mkanda pale begani sipati mkunjo. Hiyo kazi naijua, ndivyo ninavyopima nguo ya mteja kama imezidi. Kisha nikamtoa, nikamvua koti, nikamrudisha bila kulegeza chochote. Mkono wangu mzima uliingia kati ya mkanda na kifua chake. Mkono mzima! Nafasi yote ile ilikuwa pamba yangu. Nilishona pamba ya mapenzi, na mapenzi yangu yalikuwa yanamlegezea mtoto mkanda. Mfunge kwanza na nguo nyepesi, halafu koti mfunike nalo juu, na kule baridi ikiwashika mtanikumbuka.

Sasa neno langu kwako. Ulipoweka ile kadi mezani ulijua. Wewe ulikuwa umeshapiga hesabu ya lile gari kabla yangu, ndiyo maana hukuniangalia. Ungeweza kunyamaza. Onze ilikuwa imeshasemwa, kiti kilikuwa kimeshafungwa, mama yako alikuwa ameshachagua kitenge. Nusu kilo tu kufika kumi, nani angejua? Lakini ulimtanguliza mtoto wako kabla ya mama yako, kwa sauti ya chini, bila kunivunjia heshima. Nimekulea ili siku moja ufanye hivyo. Sikujua kwamba siku ile ikifika nitaumia namna hii, na kwamba ndani ya maumivu nitakuwa natamani kuita jirani waje wakuone.

Kwa hiyo na mimi nijirekebishe. Murhula nitamwambia mwenyewe Jumapili: neuf et demi, na onze ilikuwa matabishi ya mama mkwe. Huko mnakokwenda mtaulizwa namba nyingi, na mtaona hamu ya kuongeza kidogo ili watu wa nyumbani tufurahi, ili tuseme mambo yanakwenda. Ukiniambia mtoto amepungua, nitalia, nitakwenda kumwombea, nitapona. Niambie vile ilivyo. Nimechoka kufurahishwa kama nilivyomfurahisha Murhula.

Kesho asubuhi watu wa shirika, jumuiya yetu ya kanisa, watakuja kusali. Watamshika Mugisho mmoja mmoja, Maman Solange atamshika, koko yako atamshika kama miguu itamruhusu kufika, na mimi nitakuwa wa mwisho. Nitakupa wewe. Utamfunga. Mimi nitasimama vizuri, utaona, nitaimba pamoja nao.

Lakini najijua. Déo akiwasha gari nitakuja ku dirisha. Nitasema nimesahau kumpa baraka. Nitasema kofia yake imepinda. Nitasema nimshike kidogo tu, dakika moja, gari halijaondoka bado, atoke kidogo. Nikimshika, Nsimire, sitamrudisha mu kile kiti. Nitaingia naye, nitakaa juu ya valizi, na hakuna kati yenu atakayekuwa na moyo wa kunishusha. Nitalia, nitakuambia maneno ambayo mtoto hawezi kumkatalia mama yake, na watu wote watakuangalia wewe. Yule mama wa dirishani usimsikilize. Msikilize huyu anayekuandikia leo na akili zake zote.

Usimfungue. Hata nikikuomba kwa jina la papa yako, usimfungue. Mwambie Déo aende.

Ni mimi, mama yako, koko ya Mugisho.